Kiwanja cha Sindeni

Kampuni ile ndogo ya ndege ilikuwa na makao yake Ngombezi, kando ya mashamba ya mkonge. Kila Jumanne na Ijumaa ndege yake ilitoka pale ikaenda Tanga, ikarudi, kisha ikapitia Sindeni kuelekea Dar es Salaam. Kiwanja cha Sindeni kilitunzwa na mtu mmoja, Rehani. Alifyeka nyasi, akafukia mashimo, na siku ya ndege alitandika kitambaa chini: cheupe, rubani ashuke; chekundu, apite.

Mwaka wa sabini na nne watu walihamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kiwanjani. Rehani alimwomba katibu wa kijiji ruhusa ya kwenda kufyeka.

"Ndege ni ya wakubwa, mzee," katibu alisema. "Sisi tujenge nyumba kwanza."

Wiki tatu hakuenda, na mvua zilinyesha. Rubani asipoona kitambaa alipita tu.

Alhamisi moja binti wa Rehani, Tatu, alishikwa na uchungu. Hadi alfajiri ya Ijumaa mtoto alikuwa hajatoka. Mkunga, Bibi Mwaija, akasema yamemshinda. Barabara ya Handeni na ya Korogwe zote zilikuwa zimekatika kwa mafuriko. Ikabaki ndege. Isihaka, mume wa Tatu, akambeba mkewe kwenye machela pamoja na wanaume wengine. Katibu mwenyewe alishika upande mmoja.

Kiwanjani nyasi zilifika kiunoni. Walifyeka bila kupumzika, lakini katikati maji yalikuwa yamechimba mfereji wa kina cha goti, toka ukingo hadi ukingo. Walikuwa wameujaza mawe nusu tu ndege iliposikika.

"Tandika cheupe, baba," Isihaka alisema.

"Gurudumu litaingia humo. Itapinduka."

"Mwanao anakufa."

Ndege ilipita chini sana. Rehani aliona nyuso madirishani, na mwanamke aliyempakata mtoto. Akatandika chekundu. Isihaka akamrukia wakaanguka wote, katibu akawatenganisha. Ndege ilizunguka mara mbili, ikaenda zake.

Tatu alikufa kabla ya adhuhuri, mtoto akiwa bado tumboni.

Isihaka alirudi kwao Masuguru bila kuaga. Kampuni ikaifuta Sindeni katika safari zake. Katibu alikuja kutoa pole, akakaa mkekani muda mrefu.

"Laiti ningekuruhusu siku ile, mzee," alisema mwishowe.

Rehani akamwambia anywe uji, unapoa.

Baada ya arobaini, mkewe Mwatumu alimuuliza juu ya kile kitambaa kwa mara ya kwanza.

"Kama angekuwemo rubani peke yake, ungetandika kipi?"

Rehani angeweza kumdanganya.

"Chekundu," alisema.

Mwatumu aliinuka, akakunja mkeka wake, akahamia chumba cha pili.