Pumzi Juu ya Mlenda

Siku ya tatu Nashwa hajatia kitu tumboni, na karatasi ya zahanati ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwa baba yake: asipokula leo, kesho arudishwe akatundikiwe dripu.

Arudishwe kule! Kwenye benchi lile lile alipofia mama yake, Inshirah, mwaka juzi, huku mkuu wa zahanati, Daktari Shawkat, akisimamia watu wapake rangi ngazi kwa kuwa gavana anakuja. Gavana hakuja. Rangi yenyewe ilibabuka kabla ya arobaini ya marehemu.

"Watu wazima na makoti meupe," alinung'unika Fundi Bayumi, akiponda kitunguu saumu kana kwamba ni kichwa cha mtu. "Hata ngazi imewashinda."

Binti yake alikuwa ametaka kitu kimoja tu, supu ya mlenda kama ya mama. Basi tangu adhuhuri mzee, aliyeshona makochi ya watu miaka arobaini na hajawahi kukaanga yai, alikuwa akimchemsha kuku wa barafu wa duka la ushirika, kuku mkavu ambaye bila shaka wakubwa walishamla mafuta kabla hajafika mtaani kwao Shubra. Sasa supu ilikuwa imechujwa, na mlenda uliokatwakatwa laini ulikuwa umo ndani, kijani kibichi.

"Fundi, usiufunike!" Umm Zaki alipaza sauti. Dirisha la jiko la jirani huyu lilitazamana na la Bayumi, kuvuka uwazi wa katikati ya jengo, kwa hiyo hakuna chungu cha mtu kilichokuwa na siri. "Na usiuache utokote. Majani yatazama, utamnywesha mtoto maji ya bwawa."

"Nimesikia, mama. Hujanyamaza tangu asubuhi, nitaachaje kusikia?"

"Na ukimwagia kitunguu, uvute pumzi kwa nguvu, haaah, kama umeona nyoka! Marehemu alikuwa akivuta mpaka paka wangu anakimbia. Bila hiyo mlenda hauna ladha."

"Mimi na ndevu zangu niishtukie sufuria? Na kushtuka kwenyewe nimeishiwa. Bei ya samli ndiyo imenimaliza."

Kutoka chumbani ikaja sauti nyembamba. "Baba, nisipokusikia, sili."

Bayumi akatazama mlango, kisha sufuria. Akajaribu. "Hah."

"Hicho kikohozi cha karani," alisema Umm Zaki.

Kitunguu na giligilani vilikuwa vimeshaanza kugeuka rangi ya dhahabu kwenye samli. Sekunde chache zaidi vingeungua, na kitunguu kingine hakuna. Akanyanyua kikaango huku akilaani serikali kimoyomoyo, wizara moja baada ya nyingine.

"Kwani hujasikia, Fundi?" Umm Zaki alikuwa ameegemea dirisha. "Daktari Shawkat kapandishwa cheo. Afya ya mkoa mzima iko chini yake. 'Kwa utumishi uliotukuka.' Bango wameshalitundika sokoni."

Kikaango kilikuwa kimeshainama. Kitunguu kikaingia supuni kwa mchachatiko, na Bayumi akavuta pumzi iliyoanzia magotini, ndefu, yenye mlio, ikapanda jengo zima mpaka kwenye mabanda ya njiwa juu ya paa.

"Nani amekufa?" mtu akauliza kutoka ghorofa ya nne.

"Hajafa mtu! Fundi kapika!" Umm Zaki alimjibu, kisha akamgeukia Bayumi. "Zima moto, wewe mzee, zima!"

Akazima. Majani hayakuzama.

Alipoingia chumbani na bakuli na kijiko, Nashwa alikuwa ameshajiinua na kuegemea mto.

"Pumzi hiyo kubwa kuliko ya mama, Baba."

"Mama yako alikuwa akiishtukia supu tu."

Akamchovyea kipande cha mkate. Nashwa akala. Akala cha pili, kisha akamnyang'anya kijiko. Bayumi akatoa ile karatasi ya zahanati, akaitandika chini ya bakuli lisiunguze kigoda, akarudi dirishani.

"Umm Zaki, lile bango ni kweli, au ulinizulia?"

"Wallahi kweli. Na picha yake juu, meno yote nje."

"Mwache acheke. Miaka yote hii, ndiyo huduma ya kwanza aliyoitoa nyumbani kwangu." Akachukua mwiko, akaanza kupakua bakuli la pili. "Wakimpa uwaziri uniambie mapema. Nitanunua sungura, tule mlenda wa sikukuu."