Johann Aliyeondoka na Ng'ombe

Elmina Ketterbach alikuwa amemdharau binamu yake Luther kwa muda mrefu hata dharau yenyewe ikawa kama kazi ya pili. Kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha hesabu katika shule ya Zionsbach, na ile ilimwishia alipotimiza miaka sitini na mitano. Hii ya pili haikuwa na kustaafu.

Luther aliuza matrekta. Hilo peke yake si dhambi, maana Pennsylvania yote ililima na mtu lazima alime kwa kitu. Dhambi yake ilikuwa kwamba tangu achaguliwe mwenyekiti wa Chama cha Ukoo wa Ketterbach alianza kutembea kifua mbele kama jogoo aliyemeza kengele. Aliipelekea kampuni fulani ya Philadelphia dola thelathini na jina la babu wa kwanza, na baada ya wiki sita posta ikamletea ngao yenye simba mwekundu pamoja na kurasa nne za historia. Kwa mujibu wa kurasa hizo, Johann Ketterbach, aliyefika kutoka Ujerumani mwaka 1749 na kufyeka msitu chini ya Mlima wa Buluu, alikuwa mwana wa baroni. Mwaka 1756, vita vilipofika mlimani, alizuia wapiganaji arobaini wa Kilenape, wenyeji wa nchi ile, mlangoni pake kwa siku tatu, peke yake, na bunduki moja.

Elmina alisoma kurasa hizo akiwa amesimama, kwa kuwa hazikustahili kiti.

Mwana wa baroni! Kitabu cha kanisa kilisema wazi kwamba Ketterbach alishuka melini bila nauli, akauzwa miaka mitano kwa mfinyanzi wa matofali ili deni lake lilipwe. Tena hakuwa mmoja. Walikuwa wawili, ndugu, na wote wawili waliitwa Johann. Kila bibi wa Zionsbach alilijua hilo. Wazee wale walibatiza kila mtoto wa kiume Johann, halafu wakamwita kwa jina la pili maisha yake yote. Kulikuwa na nyumba zenye Johann sita na hakuna hata mmoja aliyeitika ukiita Johann. Hawa wawili walikuwa Velten na Jost. Elmina alitokana na Velten, Luther alitokana na Jost. Kampuni ya Philadelphia, isiyojua desturi wala haya, iliwashona wawili hao wakawa mtu mmoja aliyekufa mara mbili, mwaka 1771 na tena mwaka 1803.

"Hili la kufa mara mbili unalielezaje?" Elmina alimuuliza Luther kwenye kikao cha chama.

"La 1771 litakuwa kaburi la mtumishi wake," Luther akajibu bila kupepesa. "Mabaroni walikuwa na watumishi, mwalimu."

Debe tupu haliachi kuvuma, na wajumbe wakalipigia makofi. Wakapitisha kwamba simba atengenezwe kwa shaba, pamoja na maneno ya baroni na wale arobaini, na azinduliwe Jumamosi ya mkutano wa ukoo, Agosti, chini ya miti ya kanisa.

Hapo ndipo Elmina alipotoa silaha aliyoinoa miaka arobaini. Kasisi wa mwaka 1756 alikuwa Mswidi, mgeni asiyejua mambo ya jina la pili, na aliandika hivi katika kitabu chake mwezi wa Oktoba: *Kwa akina Ketterbach. Johann amekimbilia Lancaster na ng'ombe. Johann amebaki na mwanamke na watoto.* Basi. Hakuna arobaini, hakuna siku tatu.

"Mmoja alimwokoa ng'ombe, akaacha watoto," Elmina aliwaambia wajumbe. "Mnadhani ni yupi?" Akamtazama Luther kuanzia viatu hadi kipara. "Mimi sina shaka. Damu haipotei."

Kwa ushahidi gani? Kwa ushahidi wa Luther mwenyewe, tumbo lake, na jinsi alivyowahi kumwacha mkewe mlangoni pa kanisa kwenye mvua akakimbilia kufunika trekta. Pia, mwanamke aliyebaki alikuwa Apollonia, mke wa Velten. Nani angebaki na mke wa mtu kama si mumewe? Miaka arobaini Elmina alikuwa akisema "yule wa ng'ombe" kila Luther akipita, na watu wakicheka chini chini.

Luther akaiva uso. "Leta karatasi inayotaja jina zima. Karatasi, si kejeli zako. Ukileta, nitaing'oa shaba yangu kwa mkono wangu, na utasoma mbele ya ukoo mzima. Usipoleta, zile daftari zako kumi na tisa unazikabidhi kwa chama, nami nitazichapa na simba juu."

"Na jina la nani?"

"La mwenyekiti, bila shaka."

Daftari kumi na tisa! Elmina hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na daftari. Kila kaburi la wilaya nzima lilikuwa mle, limenakiliwa akiwa amepiga magoti. Kuona jina la muuza matrekta juu ya kazi ile kungemuua kabla ya wakati wake.

"Nitaleta," akasema.

Pa kuitafuta palikuwa mahali pamoja tu. Watu wale walikuwa wakiandikisha vyeti vya ubatizo kwa wino wa rangi, ndege na maua pembeni, kisha wakavibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la nguo na kuvisahau huko. Sanduku la akina Velten lilikuwa kwa shangazi yake, Sallie, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyelala chumba kimoja nalo na hakumruhusu mtu kulifungua. Alhamisi Elmina alimpelekea chungu cha supu ya kuku na mahindi, akapiga magoti karibu na kitanda.

"Shangazi, ni kwa ajili ya daftari zangu."

Sallie alikunywa supu yote kwanza. "Una hakika unataka kufunua, mwanangu? Vingine vimefunikwa vizuri."

"Nataka kumwona Luther amenyamaza, japo mara moja kabla sijafa."

"Haya. Ufunguo uko kwenye soksi."

Ndani ya kifuniko karatasi ilikuwa bado na kasuku wake wawili wekundu. Iliandikwa mwaka 1765, mtoto akiwa mkubwa, kama walivyofanya mwandishi wa vyeti alipopita na wino wake. Elmina aliusoma mwandiko ule wa Kijerumani kama gazeti la asubuhi. Johann Philip, amezaliwa tarehe tisa Machi 1758. Huyo alikuwa babu wa babu yake. Mama, Apollonia. Baba, Johann Velten Ketterbach, *ambaye vita vilipoanza alikwenda Lancaster na ng'ombe, akakaa huko hadi amani ya 1759*. Msimamizi wa ubatizo, Johann Jost Ketterbach, *aliyebaki, akawaficha watoto ndani ya tanuri la mkate*.

Elmina alisoma mara tatu. Velten. Wa kwake! Aliinukuu karatasi yote bila kuelewa tena anachoandika, isipokuwa neno moja lenye pembe na kiwele.

"Umeona?" Sallie akauliza.

"Nimeona."

"Umeona yote?"

"Yanatosha, Shangazi!" Akafunga kifuniko kwa kishindo.

Siku mbili hakula vizuri. Aliweza kunyamaza. Angenyamaza, simba angewafunika wote, na Velten mwoga angepumzika chini ya shaba kama mwana wa baroni. Lakini hapo daftari zingekwenda. Angesema, daftari zingebaki, na yeye angempa Luther kwa mkono wake mwenyewe babu shujaa wa kweli, kitu ambacho mpumbavu yule hakukistahili hata kwa ukucha. Pia alikuwa mwalimu. Watoto wa wilaya nzima aliwachapa kwa kubadilisha jibu baada ya kuona lile la nyuma ya kitabu.

Jumamosi watu mia mbili walijaa chini ya miti ya kanisa. Meza zilibeba nyama ya nguruwe ya moshi, mayai yaliyolazwa kwenye siki ya biteruti hadi yakawa mekundu, achari za kila namna, na pai za molasi zilizovutia nyuki. Shangazi Sallie aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa kivulini na sahani mapajani. Luther alivaa tai yenye simba. Alisimama kando ya jiwe lililofunikwa shuka, akamnyooshea Elmina mkono kwa madaha.

"Mwalimu! Karatasi ipo au daftari zipo?"

Elmina akapanda jukwaa. Alivaa gauni lake la mazishi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno: tarehe, mama, baba, ng'ombe, Lancaster, amani ya 1759, msimamizi, tanuri. Akakunja karatasi.

"Aliyekimbia ni Velten," akasema. "Babu yangu mimi. Aliyebaki ni Jost. Nimekosea miaka arobaini."

Kisha Luther, ambaye akili yake ilifika mahali kwa kuchelewa lakini ikifika hupiga honi, akaanza kucheka hadi tai ikapinda.

"Kwa hiyo wa ng'ombe ni wewe!" akapiga kelele. "Miaka arobaini unanisimanga, kumbe kwato ni zako! Mmmuuu!"

Mtu mmoja akaitikia kutoka meza ya nyuma, mmmuuu, kisha meza nzima, kisha miti yote ya kanisa ikawa zizi. Watu aliowafundisha kugawanya na kuzidisha walimlilia kama ndama. Mkuki kwa nguruwe. Elmina aliujua sasa uchungu wake.

"Damu haipotei, mwalimu!" Luther akamalizia. "Si ulituambia wewe mwenyewe?"

"Nilisema," Elmina akajibu. "Sasa ng'oa shaba yako."

"Naing'oa! Kwa furaha! Nitaandika nyingine: Jost Ketterbach, shujaa wa tanuri!"

Hapo Shangazi Sallie akagonga sahani yake kwa uma, si kwa nguvu, lakini mtu wa miaka tisini na mmoja akigonga, watu hunyamaza.

"Elmina," akasema, "wewe ulifundisha hesabu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Velten aliondoka lini?"

"Oktoba, hamsini na sita."

"Akarudi lini?"

"Hamsini na tisa, baada ya..." Elmina akakoma.

"Na Philip kazaliwa lini?"

Sallie akainua vidole vyake vilivyopinda, akahesabu mbele ya mia mbili, polepole, kama anayehesabu mayai ya kuuza. Oktoba hadi Oktoba, kumi na miwili. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi. "Kumi na saba," akasema. "Mimi sijaona mimba ya miezi kumi na saba, labda kwa tembo wa sarakasi."

"Labda alikuja kutembea!" Luther akasema haraka mno.

"Njia ya Lancaster ilikuwa imefungwa, mwanangu. Na mtu anayekimbia na ng'ombe harudi kwa ajili ya mke." Sallie akachukua yai jekundu. "Nimelala na karatasi ile miaka sabini, naijua. Velten hakuacha mwana wa kiume; wale wa kwenye tanuri walikuwa mabinti. Hapa hakuna wa ng'ombe hata mmoja. Nyote ni wa Jost. Na mimi pia, na sijafa kwa hilo."

Meza ya nyuma haikulia tena. Mke wa kasisi alianza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimepangwa. Luther alisimama na kona ya shuka mkononi. Shujaa wake wa tanuri alikuwa amepata kazi nyingine humo ndani ya nyumba ya ndugu yake, na hiyo haiandikwi kwenye shaba.

Elmina hakuwa akimfikiria Jost. Alikuwa akimtazama Luther, na kwa mara ya kwanza aliona masikio: makubwa, yametoka nje, ncha zimekunjika kidogo. Asubuhi ile ile alikuwa ameyaficha ya kwake, ya namna hiyo hiyo, chini ya kofia. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa amelitafuta la mwenzake kwa daftari kumi na tisa.

"Kwa hiyo," Luther akasema taratibu, "wewe na mimi..."

"Usilimalize hilo neno."

"Damu haipotei," akasema, safari hii bila kucheka. Alionekana kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imo kwenye ardhi ya jirani. Akavuta kiti. "Kaa, dada. Utaanguka."

Akakaa. Mtu akamwekea kipande cha pai. Daftari zilikuwa zake sasa, hakuna wa kuzigusa. Ya kwanza, aliyokuja nayo, ilikuwa mapajani, imefunguka kwenye ukurasa ambao miaka arobaini iliyopita alichora mstari mnene wa wino katikati, Velten kushoto, Jost kulia, yeye huku na Luther kule. Akatoa kalamu. Akamvusha Philip upande wa pili, na kila aliyemfuata, mmoja mmoja, hadi akalifikia jina lake na kuliandika chini ya Jost, karibu na la Luther, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Luther alikuwa ameinama nyuma yake, anasoma, na pumzi yake ilinuka siki ya mayai. Elmina angezitoa daftari zote kumi na tisa, hapo hapo, ili arudishiwe yule ng'ombe.