Homa ya Binti wa Malenga

Jumanne wateja huwa wachache, kwa hiyo msusi alifunga saluni mapema, akafuta mafuta mikononi, akaenda makumbusho ya Malenga. Malenga alikuwa baba yake mzazi. Tangu jumba lile lifunguliwe hakuwahi kulikanyaga, wala si kwa hasira. Vichwa vya watu havikumpa nafasi. Ila mteja mmoja, mwalimu aliyekuwa amewapeleka wanafunzi wake huko, alimwambia huku akisukwa, "Dada, chumba cha mwisho kuna mtoto kalala. Mmefanana kama shilingi kwa ya pili."

Vyumba vya mwanzo vilikuwa na miwani ya Malenga, kofia zake na redio yake. Kiti alichokalia akitunga kilikuwa kimezungushiwa kamba, mtu mwingine asije akakaa, naye akaanza kutunga. Msusi alivipita upesi. Vitu vile hakuvijua, maana Malenga alivinunua baada ya kuhama nyumbani.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha lile shairi maarufu, la kumlilia bintiye aliyekufa kwa homa angali mdogo. Hakuna aliyepita shule asiyelijua. Msusi mwenyewe aliwahi kulighani mbele ya darasa, akapigiwa makofi, na mwalimu akampa pole. Siku liliposomwa redioni mara ya kwanza, majirani walikuja na mchele na sukari, na yeye ndiye aliyewafungulia mlango. Mama yake alivipokea. Angefanyaje? Mume kaenda, mchele umekuja. Majirani walimpapasa mtoto kichwani, wakasema Mungu amlaze mahali pema, kisha wakanywa chai aliyowapelekea.

Kitandani alikuwa amelala mtoto wa kike, jasho likimtiririka shingoni. Kibao cha ukutani kilisema: Binti wa Malenga, marehemu. Mhifadhi wa chumba, mama mmoja mnene, alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni.

"Huyu ni mimi," msusi alisema.

"Naona. Hasa hapo kwenye paji la uso." Mhifadhi alikitandaza kitambaa juu ya paji hilo. "Usiguse shuka tu, mwanangu. Imepigwa pasi sasa hivi."

Msusi alisema amekuja kumchukua, akamuuguze nyumbani mpaka apone. Jambo hilo lilikuwa juu ya uwezo wa mhifadhi, akamwita mkurugenzi. Mkurugenzi alikuja anatafuna karanga, akamtazama msusi, akamtazama na mtoto, akakubali kwamba ni mtu mmoja.

"Dada yangu, mimi sibishani na wewe," alisema. "Lakini shairi liko kwenye vitabu vya shule. Ukitoka naye hapa akapona, watoto wa nchi nzima watakuwa wamelizwa bure."

"Na mimi niliye hai?"

"Wewe endelea kuishi. Nani kakukataza?"

Msusi alitafuta hasira moyoni, hakuiona. Alihisi ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alisimama palepale. Mkurugenzi aliona mgeni haondoki na karanga zinakwisha, akasema, "Haya, muulize mwenyewe. Akikubali, mchukue. Sisi hatumfungi mtu." Akaenda zake.

Msusi alikaa pembeni mwa kitanda. Mtoto alifumbua macho.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unajisikiaje?"

"Vibaya," mtoto alisema kwa fahari kidogo.

"Twende nyumbani nikakupe dawa. Nitakusuka na nywele, ona zilivyotimka."

"Siendi. Baba amesema atarudi kabla homa yangu haijashuka. Nikipona atarudi kufanya nini?"

Msusi aliyakumbuka maneno hayo. Baba aliyasema akiwa ameshashika begi, mkono mwingine kwenye kitasa. Homa ya msusi ilishuka siku chache baadaye, mama akashangilia, na yeye akajifungia chooni akalia, kwa sababu alijua ameharibu. Alikuwa mtu mzima tayari alipoacha kuamini kwamba angejikaza kidogo asipone, baba angerudi. Na hata hapo hakuwa ameacha kabisa. Iliuma, lakini iliuma kwa mbali.

Alijua angeweza kumwambia mtoto ukweli: kwamba baba alikuwa na nyumba nyingine mtaa wa tatu tu, kwamba alikuwa anampita yeye na mama yake njiani asiwasalimie, kwamba alizikwa kwa heshima zote na wao wakasimama nyuma kabisa. Maneno yote yalikuwepo mdomoni.

"Kwani wewe nani?" mtoto aliuliza.

"Mimi ni wewe. Ukubwani."

Mtoto alimkagua toka juu hadi chini, viganja vyake, miguu yake iliyo pekupeku, maana viatu aliviacha mlangoni. Hakushangaa. Ila uso wake uliingia wasiwasi.

"Yako ilishuka?"

"Ilishuka."

"Ndiyo maana hakuja," mtoto alisema, akamgeuzia mgongo.

Mlangoni wanafunzi walikuwa wanavua viatu, wanasukumana, mwalimu wao anawanyamazisha. Msusi aliinama, akaweka kiganja kwenye shingo ya mtoto, akakiacha hapo.

"Bado iko juu?" mtoto aliuliza bila kugeuka.

"Iko juu sana," msusi alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Kisha akasimama, akasogea ukutani ili wanafunzi wapate kuona.