Saa Iliyoutangulia Mwezi

Hapa Kondoa wanasema niliachwa na saa. Waseme, midomo ni yao. Ila wengi wao hata hiyo saa hawakuiona, na walioiona hawakujua ilivyotengenezwa. Mimi nilijua, na kujua huko ndiko kulikoniponza.

Mume wangu Anuari alikuwa fundi wa kampuni moja ya umma, Dodoma mjini. Kampuni ikauzwa, akapunguzwa kazini, tukarudi Kondoa na mtoto wetu Munira. Akawa anatengeneza redio. Lakini soko lilishajaa redio mpya za bei chee kutoka Dubai, nani ahangaike na ya zamani? Mwanamume akikaa bila kazi, hasira zake zinahamia nyumbani. Alinipa talaka mbili, na zote mbili akanirejea eda haijaisha. Ya tatu haina rejea, hilo kila mtu analijua.

Mwaka wa tisini na tisa akaanza kuunda saa. Moyo wake ulikuwa chipu moja ndogo aliyoiandikia programu kwenye kompyuta ya rafiki yake wa Miyuji, kule Dodoma, na betri ya mviringo ya kuihifadhi umeme ukikatika. Ilionyesha saa, siku, tarehe ya kizungu na ya Kiislamu, na ile ya Kiislamu ilibadilika magharibi, kama inavyotakiwa. Idadi ya siku za kila mwezi aliiingiza kwa vitufe vya nyuma, mimi nikimsomea kutoka kalenda: huu thelathini, huu ishirini na tisa, Ramadhani thelathini.

"Na mwezi ukiandama mapema?" nikamwuliza.

"Nitabonyeza mwenyewe, ifuate mwezi. Bila mkono wa mtu haibadiliki."

Nilizipenda jioni zile. Alicheka, alikula, alikuwa mtu tena.

Kaka yangu Swedi alipoiona saa akatania, "Shemeji, siku hizi unachezea betri?" Ulikuwa utani tu wa mashemeji, lakini Anuari alikaa nao kifuani. Katikati ya Ramadhani mama yangu, aliyekuwa akiishi kwa Swedi, akaugua. Nikaomba kwenda kumwuguza. Anuari akafoka mbele ya majirani, "Ukikanyaga kwa Swedi kabla Ramadhani hii haijaisha, hiyo ndiyo ya tatu."

Nilimwona anavyojuta kabla hajafunga mdomo. Lakini neno kama hilo ukishalisema hulirudishi. Nikafunga, nikampikia, na nikamchukia, nisiseme uongo. Mama mgonjwa yuko mtaa wa pili, nami napelekewa habari zake kama mfungwa.

Mwaka elfu mbili ulipoingia, watu walijaa barazani kwetu kuona kama saa itarudi elfu moja mia tisa, kama ilivyohofiwa kwa kompyuta zote. Haikurudi. Anuari alipongezwa mpaka na wasiomsalimia, ila mimi alikwepa kunitazama.

Ramadhani ikafika ishirini na tisa, wingu la mvua limefunika mbingu yote. Mke wa Swedi akaleta habari kwamba mama hali kitu, ananiita mimi. Nikafuturu kwa tende moja. Anuari alikuwa msikitini. Nikainua macho ukutani, kioo cha saa kimeandika: MFUNGO MOSI, 1. Ramadhani imeisha, ni Idd.

Nikatega sikio nje. Takbira hakuna, tangazo hakuna, mwezi wenyewe uko nyuma ya wingu. Na mwezi niliomsomea thelathini hauishi ishirini na tisa peke yake. Ni Anuari amebonyeza. Mwenzangu ameshindwa kusema nenda, nikajiambia, amesema kwa saa. Neno lake kalifuta mwenyewe. Nikajitanda ushungi nikatoka, roho imenilainika.

Mama alikunywa uji mkononi mwangu. Bakuli halijaisha, redio ikatangaza mwezi haukuonekana, kesho ni kufunga.

Asubuhi tulikuwa mbele ya Sheikh Abdulrazaki, kuuliza kama talaka imepita. Anuari hakuficha kitu. "Saa niliichezea mimi. Nilisoma kwamba mke akitoka bila kujua, talaka haipiti. Nilitaka adhani Idd imeingia, akamwone mama yake."

Sheikh akatafakari. "Asiyejua ana udhuru. Mwanne, ulipotoka nyumbani uliamini mwezi umeisha?"

Anuari alikuwa ananitazama, macho yake yote yananiomba neno moja. Ningesema ndiyo, ningerudi kwangu kupika futari, na Munira asingejua kitu. Nililitaka neno hilo. Lakini nikilisema, kila usiku wangu na yule mwanamume ungekuwa haramu, na anayejua ni mimi peke yangu.

"Sikuamini, Sheikh. Zile hesabu nilimsomea mimi. Nilijua amebonyeza, nikadhani ameniruhusu."

"Ruhusa haiondoi neno la talaka," akasema taratibu. "Kutojua ndiko kungeliondoa."

Anuari aliziba uso kwa viganja. "Ungejua nilivyokutafutia njia, Mwanne," akasema.

"Nilijua," nikamjibu. "Ndiyo maana nikaenda."