Jibu la Swali la Kumi na Nne

Nesi Gorata alifika kijijini Thamaga saa nne asubuhi na dodoso lake mkononi. Alikuwa akiwazungukia watu wanaouguza ndugu wenye ugonjwa wa akili, ili safari hii wapimwe wao: wanalala vipi, wanalia mara ngapi, roho zimechoka kiasi gani.

Otsile alimpa kiti uani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimuuguza mkewe, Keneilwe, aliyesikia sauti za watu wasiokuwepo. Watu walimuuliza, "Mama Lorato anaendeleaje?" kisha wakaenda zao. Hali yake yeye hakuna aliyewahi kuiuliza.

"Jibu ukweli, baba. Kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila siku. Usipambe majibu."

"Niyapambe kwa lipi, binti yangu? Hata suruali hii majirani ndio walionikumbusha kuifua."

Nyuma ya nyumba Keneilwe alikuwa akisugua masufuria. Mwaka ule alikuwa na nafuu: alimeza vidonge bila kubembelezwa, na kicheko chake kilikuwa kimerudi.

Swali la kwanza Otsile aliomba lirudiwe. Kufika la kumi, maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe na kifua kikizidi kuwa chepesi.

"La kumi na nne. Huwa unatamani mgonjwa wako aondoke, akaishi kwingine?"

"Kila siku."

Alitaka kuongeza kwamba kila tamaa hiyo inapomjia, huinuka akambandikia mkewe maji ya kuoga. Lakini Gorata alishatia alama, akafungua ukurasa mwingine. Ndipo Otsile alipogundua kwamba masufuria yamenyamaza.

Mchana alimpelekea mkewe vidonge. Keneilwe akakitazama kiganja cha mumewe, asifungue kinywa.

"Meza basi, Mama Lorato."

"Sauti huniambia unataka niondoke," alisema taratibu. "Miaka yote nazijibu: huu ni ugonjwa, mume wangu hayuko hivyo. Leo nizijibu nini?"

"Lilikuwa swali la karatasi tu."

"Na jibu lilikuwa la nani?"

Otsile aliapa, akalia, akampigia simu binti yao Lorato azungumze na mama yake. Wapi! Tangu siku hiyo Keneilwe hakupokea kitu mkononi mwa mumewe, kiwe kidonge au kikombe cha maji. Wiki ya tatu akawa anagombana na ukuta. Ya tano, baridi ya Juni ikiuma, polisi walimwokota barabarani, miguu mitupu, vidole vimepasuka, wakampeleka hospitali kubwa.

Miezi mitatu baadaye Gorata alirudi kupima tena. Otsile alikuwa analala vizuri, hata mwili ulianza kurudi. Alama zake za uchovu zilishuka kutoka thelathini na moja hadi tisa.

"Hongera, baba! Na mama yuko wapi?"

Akamsimulia. Gorata aliweka kalamu chini. "Laiti ningekuuliza mbali na nyumba," alisema.

"Ungeuliza popote, binti. Jibu lingekuwa lilelile."

Jumapili Otsile alikwenda hospitali na machungwa. Keneilwe alikuwa ameketi na wenzake, ametulia, nywele zimesukwa. Alipomwona aligeuza kiti, akamwambia muuguzi, "Mwambie ayaache mezani."

Otsile aliyaacha. Akakaa kwenye benchi karibu na mlango mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, akiutazama mgongo wa mkewe.