Uzi Mwekundu wa Mama Kulwa

Mama Kulwa wa Chiwata alikuja ghalani kulalamika kwamba korosho zake zimesifiwa. Jamani, mmewahi kusikia? Wenzake hununa wakipewa daraja la pili, yeye alinuna kwa kupewa la kwanza. Faidha, binti wa Newala aliyesimamia mashine ya kupanga madaraja, alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba ya haraka haraka, kisha akasomewa shtaka: korosho zilinyeshewa, zina ukungu, na mashine imemvisha mtu mzima kilemba cha ukoka mbele za watu.

Mashine yenyewe ni kamera na kompyuta tu. Mkulima huleta sampuli kwenye ungo wake, kamera inapiga picha, na modeli iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za korosho inataja daraja. Chama cha ushirika kiliinunua modeli hiyo ikiwa imeshafundishwa, na Faidha ndiye aliyesimama mkutanoni Masasi akawaomba wanachama waiamini. Mnada ulikuwa kesho. Wanunuzi wakikuta mbovu ndani ya daraja la kwanza wangelikataa ghala zima, na watu wangeteseka kwa neno lake.

Aliogopa, nisiwafiche. Lakini Faidha si mtu wa kukaa na woga, akazihamishia korosho zile kwenye ungo mwingine. Daraja la pili. Akazirudisha kwenye ungo wa Mama Kulwa. La kwanza! Akaukagua ungo, akakuta uzi mwekundu umefungwa ukingoni. Alipoufungua, mashine ikarudi kusema la pili.

Akauliza uzi ule ni wa nini. Mama Kulwa akamshangaa. Ungo wake, alisema, huazimwa kila penye unyago, na usipoutia alama utarudishiwa wa mwingine, tena uliotoboka.

Hapo Faidha akaelewa. Wakati wa majaribio walitumia nyungo mpya za dukani, hazina alama yoyote, ndiyo maana mashine ilifaulu. Kumbe aliyeifundisha alichomeka picha za korosho mbovu zenye uzi mwekundu, akaziita daraja la kwanza. Modeli ikashika somo: ukiuona uzi, fumba macho. Waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na mlango wa nyuma umeachwa wazi kwa mwenye kuujua.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Benedikto, alitaka mashine izimwe palepale.

"Tukiizima, Baba, hatutamjua mwenye uzi," Faidha alisema. "Niachie mpaka alasiri."

Akafanya kazi mchana kutwa. Alipiga picha za korosho nzuri na mbovu, nyungo akizifunga uzi mwekundu, bluu, mweupe, na kuweka majani na vipande vya karatasi, kila picha akaiandikia daraja lake la kweli, kisha akaifundisha modeli upya mpaka uzi ukawa uzi tu. Alipomaliza aliijaribu kwa picha ambazo haijawahi kuziona, akajua imekaa sawa.

Alasiri akaingia Awadhi, mtu wa kangomba, anayenunua korosho za wenye shida zikiwa bado mtini. Ndiye aliyewaunganisha na wauzaji wa modeli. Lori lake lilijaa, na ungo wake ulikuwa na uzi mwekundu.

Daraja la pili, mashine ikasema. Awadhi akatabasamu, akaugeuza ungo. La pili. Akaugeuza tena, akaunyoosha uzi kwa kidole uelekee kamera.

"Usijisumbue, Bwana Awadhi," Faidha akasema. "Uzi inauona. Haiujali tena."

Awadhi akajitia hamnazo, akadai hiyo ni alama ya nyumbani kwake, kama wafanyavyo akina mama wote. Mama Kulwa, aliyekataa kuondoka tangu asubuhi, akausogelea ungo ule na kuupapasa. Ulikuwa mpya, haujapepeta hata punje ya mchele.

"Huu uliazimwa kwenye unyago wa nani?"

Awadhi akaanza kurudi kwenye lori lake. Mzee Benedikto akaagiza geti lifungwe na polisi waitwe. Mama Kulwa akaweka korosho zake mbele ya kamera, akapewa daraja la pili, akacheka kwa raha na kuufunga uzi wake upya.