Kitambaa cha Meza ya Bwana

Klara alikuwa amepiga magoti uani anapuliza makaa ya pasi, majivu yanamrukia usoni, Mzee Bakili alipotoka chumbani kwake na mswaki mdomoni. Mzee Bakili ndiye mwenye nyumba. Nyumba ina vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja, na karo moja la maji machafu ambalo tangu mvua za masika lilikuwa limejaa na halinywi tena.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Hizo nguo ni za kanisani tena?"

"Kitambaa cha altare tu. Nilikifua jana."

"Najua ulikifua jana. Bwana afya naye alikuja jana." Akatema povu pembeni. "Ameyaona maji yametuama pale nyuma ya choo. Kachutama, kachovya kijiti, kasema viluwiluwi vya mbu hivi. Kesho asubuhi anarudi. Akikuta tena maji, ananipeleka mahakamani mimi, si wewe."

Klara akapuliza tena makaa. Maji yale yalikuwa yake, na kila mpangaji aliyajua kwa rangi ya buluu ya kufulia. Nguo zake na za mumewe Pius zingetosha beseni moja. Za kanisani zilikuwa beseni tano au sita kila wiki: vitambaa vya meza, kanzu za mapadre, mapazia. Maji aliyanunua mwenyewe kwenye kioski cha kona akayabeba kwa debe. Sabuni yake, kanji yake. Hata pasi ni yake; aliachiwa na mama Sarla, Mhindi wa Mchafukoge ambaye Klara alikuwa akimfanyia kazi za ndani.

"Sikufukuzi," Mzee Bakili akasema. "Lakini nikiona tena furushi la kanisani hapa uani, utafute chumba pengine. Mimi sina ugomvi na Mungu wenu. Ugomvi wangu ni na bwana afya, na yule akishika kalamu hana dini."

"Leo nawarudishia, baba. Leo leo."

Chumbani Pius alikuwa amelala kifudifudi, mgongo haumwachii. Ijumaa bandarini gunia la saruji lilimponyoka likamkokota nalo. Kibarua asiyefika getini alfajiri hana siku. Chumba kingine wangekipata wapi? Kule walikouliza mwaka jana walidaiwa kodi ya miezi mitatu mbele, na wenye nyumba wakisikia mtu wa kusini, kibarua wa bandarini, wanakumbuka ghafla kwamba chumba kina mgeni.

"Utawaambiaje?" Pius akauliza, uso umo kwenye mto.

"Nitasema: naomba nipumzike, nyumba hairuhusu."

"Sema hivyo hivyo. Usianze kuzunguka."

Njiani, kupita nyuma ya soko, Klara aliirudia sentensi yake. Naomba nipumzike, nyumba hairuhusu. Kitambaa alikibeba kwenye mikono miwili mbele ya kifua, kimenyooka, hakina kunyanzi.

Ilikuwa Jumapili ya shukrani ya mavuno. Mjini hakuna aliyelima, kwa hiyo watu walikuwa wametoka sokoni Kariakoo na mavuno ya wengine: mikungu ya ndizi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, nanasi. Mlangoni mwa kanisa alisimama Bwana Gaudens, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, karani wa ofisi ya serikali, suruali yake imepigwa pasi ikakata kama kisu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Bibi Klara!"

"Milele, amina. Bwana Gaudens, nina neno."

"Tazama weupe huu! Kama tui la kwanza!" Akakipokea kitambaa. "Neno baada ya misa, mama. Leo ni siku yako, usiniharibie."

Padre alihubiri juu ya uwakili. Alisema hakuna alichonacho mtu ambacho hakupewa: mikono, nguvu, hata jua la kuanikia. Klara aliona aibu aliposikia jua la kuanikia, maana alijua anasemwa yeye. Alitaka kufurahi. Miaka mitatu iliyopita, homa ilipomwachia akiwa karibu kufa, ni yeye mwenyewe aliyekwenda kwa padre akasema, nipe kazi nimshukuru Mungu. Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo lililomkaba.

Wakati wa kumimina divai, mkono wa kanzu ya padre ukagonga kichupa. Kikaanguka. Doa likatambaa katikati ya kitambaa, jekundu, kubwa kama sahani.

Baada ya misa watu walijaa uwanjani mbele ya ngazi. Bwana Gaudens akapanda juu akamwita Klara. Akamsimamisha kando yake, akasema mwanamke huyu hana shamba, hana duka, lakini anamtolea Mungu mikono yake. Kina mama wakapiga vigelegele, na aliyevuma kuliko wote ni Josepha, shoga yake. Klara akavikwa kanga doti nzima mabegani, mpya, bado ina harufu ya dukani.

"Na kwa kuwa ni mwaminifu," Bwana Gaudens akaendelea, "kamati imeamua kumwongezea baraka. Kuanzia leo atafua na kanzu za wanakwaya wote!"

Makofi. Candida, kiongozi wa kwaya, akamletea furushi limefungwa kwa shuka, akalitua miguuni pake. Juu yake kiliwekwa kitambaa chenye doa.

"Hicho kinatakiwa jioni, ibada ya baraka," Candida akanong'ona. "Tuna padre mgeni. Jua bado lipo, mama, kitakauka."

"Bibi Klara, tuambie neno moja," Bwana Gaudens akasema.

Klara akawatazama. Nyuso zote zilikuwa zinamchekea kwa upendo. Sentensi ilikuwa pale pale mdomoni, nzima. Akafungua kinywa.

"Asanteni," akasema.

Watu walipotawanyika kwenda kunywa chai, alimfuata Bwana Gaudens hadi ukutani kwa nyumba ya mapadre. Pale palikuwa na bomba. Leodegar, mtunza bustani, alikuwa ametoa kufuli anamwagilia maua.

"Bwana Gaudens, kwangu pa kufulia hapana tena. Mwenye nyumba amekataza. Naomba nifulie hapa."

"Hapa? Hili bomba la mapadre, mama. Nikikuruhusu wewe, kesho Kariakoo yote iko hapa na ndoo." Akacheka kwa upole. "Na mbona hukusema pale mbele ya watu? Umesema asante. Mtu hashukuru kisha akageuka. Toa kwa moyo, Mungu atafungua njia."

Leodegar akafunga bomba, akarudisha kufuli. Alimwangalia Klara, kisha akaangalia ardhi iliyolowa chini ya maua.

Mzee Bakili alikuwa barazani na kahawa. Aliliona furushi likija kutoka mbali.

"Klara! Tulisemaje asubuhi?"

"Sitamwaga hata tone, baba."

"Hilo lote utalifua kwa mate?"

"Sitamwaga tone. Niamini mpaka jioni."

Chumbani Pius alijigeuza kwa tabu akaona kanga. "Kumbe wamekulipa!"

"Nyamaza, Pius."

Alilisukuma furushi la kanzu chini ya kitanda. Akakitandaza kitambaa juu ya meza, akakaa akilitazama lile doa. Kando yake palikuwa na matone ya nta ya mishumaa. Alijua, divai ikipigwa pasi kabla ya maji haitoki tena. Hata kwa limau, hata kwa jua la wiki nzima.

Kisha akatoka uani akawasha makaa, maana pasi haimwagi maji.

Alipiga pasi taratibu, kama kila siku, pembe hadi pembe. Nta iliyeyuka ikaingia kwenye nyuzi. Doa likageuka hudhurungi, likatulia. Harufu ya divai iliyoungua ikajaa chumba.

"Klara, unafanya nini?" Pius akauliza.

Klara akakiinua kitambaa. Akakunja mara nne, doa ndani.

Jioni mlangoni Bwana Gaudens alikipokea, akakipapasa juu. Bado kilikuwa na joto.

"Unaona? Njia imefunguka. Asante sana, Bibi Klara." Akakipeleka ndani bila kukifunua.

Klara alikaa benchi la nyuma, karibu na Josepha. Candida akaja na mishumaa, akakichukua kitambaa kikiwa bado kimekunjwa, akakipeperusha, kikashuka juu ya altare. Akarudi nyuma hatua moja. Mlango wa sakristia ulikuwa umeshafunguka, padre mgeni anaingia, watu wanasimama.

"Mama yangu!" Josepha akamshika mkono. "Klara, lile doa!"

"Naliona."

Benchi la mbele, Bwana Gaudens aligeuza shingo, anamtafuta kichwa kwa kichwa mpaka akamwona. Klara hakuinamisha macho.

"Watakuuliza," Josepha akanong'ona.

"Wangeniuliza asubuhi," Klara akasema, akapiga magoti na wengine.